Hela Iliyobaki Harusini

Mie ugonjwa wangu ni kuuliza. Marehemu mama alikuwaga ananiambia, "Salma, wewe ipo siku utamuuliza maiti anaumwa nini." Sikuacha. Kwa hiyo nilipopata habari kwamba Fredrick na Monica, maharusi tuliowachangia sie wenyewe, wanaachana, na kwamba mambo yamefika mahakamani, wenzangu wote hapa mtaani waliuliza nani kamkosea mwenziwe. Mie nikauliza jingine kabisa. Wakili analipwa na nani?

Usinicheke. Harusi tunaijua, inachangiwa. Msiba unachangiwa. Mtoto akipata kipaimara, watu wanachangia hadi bia. Lakini wewe uliona wapi kadi ya mchango wa talaka? Mtu anaachana na mumewe, wakili anataka milioni mbili, na hakuna wa kumpitishia daftari. Hizo hela zinatoka wapi, jamani?

Jibu nimelipata. Nimelipata kwa jirani yangu Sesilia, mtu ambaye sikumtegemea hata kidogo, na yeye kunijibu kumemgharimu.

Sesilia ni Mmwera wa kule Ndanda, Mkatoliki wa kusali jumuiya kila Jumamosi asubuhi. Mie Mzaramo na swala zangu tano. Tumepakana ukuta kwa ukuta hapa Tabata mwaka wa ishirini sasa. Idi anakula kwangu, Krismasi nakula kwake. Yeye anauza samaki vibua na barafu barazani kwake, ana friza mbili. Mie cherehani yangu iko baraza la pili, kwa hiyo akikohoa nasikia, nikikohoa anasikia. Nilidhani hakuna la Sesilia nisilolijua.

Lakini watu hawamjui kwa vibua. Wanamjua kwa uhazini. Kijana akitaka kuoa huku kwetu hafanyi harusi peke yake, inaundwa kamati: mwenyekiti, katibu, mhazini, na watu wa kuahidi na kutoa. Mwenyekiti anaweza kuwa mtu yeyote mwenye sauti. Mhazini lazima awe mtu ambaye ukimpa laki leo, ukifa kesho, watoto wako wataikuta. Sesilia ameshika harusi thelathini na moja. Kuna watu wamepanga tarehe ya harusi kwa kuangalia kama yeye ana nafasi.

Na kudai! Weee! Wahazini wengine wanatuma meseji za vitisho, wanakutangaza kwenye grupu. Sesilia hapigi kelele. Anakuja kwako, anakaa. Kuna baba mmoja wa Segerea aliahidi laki moja na nusu, akamwona mhazini anaingia getini, akakimbilia chooni. Mkewe akasema baba katoka. Sesilia akasema haya, ngoja nipumzike. Akapewa chai, akanywa. Tamthilia ikaanza, akaangalia. Ikaisha, ikaanza nyingine. Mpaka baba wa watu akatoka chooni mwenyewe, jasho linamtiririka, akatoa hela mfukoni bila kuombwa. Sesilia akamwandikia risiti, akamwuliza habari za tumbo.

Sasa kuna jambo halijaandikwa popote, lakini kila mtu analijua. Mhazini wa harusi awe mke wa mtu. Mwanamke aliyeachika humpi harusi yako aishike. Watu watasema ana nuksi, atawaambukiza maharusi. Mie naliona la kijinga, lakini siku nikimwoza binti yangu sijui kama nitathubutu kulivunja. Sesilia alikuwa na mume, Romani. Kila mwaka Romani alikwenda Mtwara msimu wa korosho, na mwaka mmoja akawa harudi, kazi nyingi, kapata tenda, kapata nyingine. Sesilia alikuwa akituletea salamu zake. Nasi tukituma zetu.

Harusi ya Fredrick na Monica ilikuwa ya ishirini kwake. Fredrick fundi umeme, kijana mzuri, mdomo mwingi. Monica ana saluni yake, msichana wa kazi kwelikweli. Mwenyekiti alikuwa Mzee Polikarpo, mjomba wake Fredrick, Mmakonde mchonga vinyago wa Temeke. Mie nilikuwa katibu, maana hati yangu nzuri na sare za kamati nilishona mie. Ilikuwa Februari ya mwaka ule wa korona. Watu walitoa mpaka tukashangaa. Ukumbi ukalipwa, mpishi akalipwa, mapambo yakalipwa, na ikabaki bakaa ya milioni moja na laki mbili.

Bakaa nayo ina desturi yake. Harusi ikipita, kamati inakutana mara ya mwisho, tunaita kuvunja kamati. Mhazini anasoma taarifa, watu wanapiga makofi, kilichobaki kinaliwa nyama na soda. Sie tulipanga kuvunja mwishoni mwa Machi. Kabla siku haijafika serikali ikasema watu wasikusanyike. Tukasema tusubiri. Tukasubiri, tukasahau. Hela ikabaki kwa mhazini, na hakuna aliyeiulizia, kwa sababu ilikuwa kwa Sesilia. Hata mie, muulizaji!

Miaka mitano ikapita. Maharusi wakajenga Goba, kule mlimani, nyumba ya vyumba vitatu. Halafu ndoa ikaharibika. Sababu siisemi, kila mmoja ana yake na zote ndefu. Wakasuluhishwa parokiani, ikashindikana. Baraza la kata nalo likashindwa, likawapa karatasi ya kwenda mahakamani. Kanisa halivunji, lakini mahakama inavunja.

Roho ya Monica ilikuwa kwenye ile nyumba tu. Kiwanja kimeandikwa jina la Fredrick. Tofali na mabati vimetoka saluni, kichwa kimoja kimoja cha wateja, lakini risiti nani kaziweka? Fredrick alikuwa na wakili tayari. Monica alikuwa hana. Aliogopa kwamba atasimama mbele ya hakimu na mdomo mtupu, na nyumba itakwenda.

Fredrick ndiye aliyekuja kwanza, mwaka jana, Jumamosi mchana. Mie nilikuwa nashona suruali ya shule.

"Shikamoo mama," akamwambia Sesilia. Mie pia akanipa yangu.

"Marahaba baba. Habari za Goba?"

"Goba hakukaliki, mama. Nimekuja kwa ishu moja. Ile bakaa ya harusi yangu bado ipo?"

Sesilia alikuwa anamtolea mteja vibua. Mkono wake ukabaki humo humo ndani ya friza.

"Bakaa ya nini saa hizi?"

"Wakili. Nimempa nusu, anataka nusu. Nikawaza, ile si hela ya harusi yangu? Harusi yenyewe inaishia hivi. Irudi kwa mwenyewe."

"Hela ya kamati haitoki bila kikao, Fredrick."

"Basi kikao kiitishwe, mama. Tena nimeshamwambia mjomba."

Jumanne akaja Monica. Huyu hakusimama, alikaa juu ya ndoo akalia. Tukamwacha alie. Kisha akasema amesikia mwenziwe kaja kudai bakaa, na yeye anaidai, kwa sababu harusi haikuwa ya Fredrick peke yake, hata yeye alivaa shela. Nilikaribia kucheka, lakini msichana alikuwa na haki.

"Na kikao kikininyima," akasema, "nitakwenda kwa wale wa kausha damu. Wanaandika vifaa vya saluni, wananipa hela siku hiyo hiyo."

"Mama yangu!" nikasema. Hao wakopeshaji wa kausha damu tunawajua. Ukichelewa wiki moja wanabeba hadi pazia.

"Hapana, shangazi, nimepiga hesabu. Nikishinda kesi, si mahakama itamwamuru Fredrick anilipe gharama zangu zote? Nachukua kwake, nawarudishia wao. Biashara imekwisha."

"Hakulipi," Sesilia akasema.

"Nani?"

"Fredrick. Hakulipi hata senti tano. Kesi ya ndoa kila mtu anaondoka na gharama zake."

Monica akafuta kamasi. "Mama, unisamehe, lakini hayo ya mahakamani wewe umeyajulia wapi?"

Sesilia akafunga friza. Akasema anahisi umeme unataka kukatika.

Haya, sasa mtu kama mie atalala? Wiki ile nzima nilifanya uchunguzi wangu. Nikamuuliza muuza mkaa, akasema aliyeshindwa analipa, kila kitu duniani aliyeshindwa analipa. Balozi wetu wa nyumba kumi akasema analipa aliyeanza kupeleka mashtaka, maana ndiye mwenye haraka. Fundi viatu wa pale kona akasema mwanaume, alianza na mahari amalizie na wakili. Hata mie nilikuwa na langu: kwetu sie Waislamu, mwanamke akitaka kujivua mwenyewe anarudisha mahari, kwa hiyo nikaona anayetaka kuondoka ndiye anayelipia mlango. Majibu manne, na kila mmoja alianza na "nadhani" au "si unajua." Sesilia peke yake hakusema nadhani.

Nikamfuata. "Sesi, umejuaje?"

"Salma, shona."

"Nashona. Umejuaje?"

"Nimesikia redioni."

Muongo! Redio yake imekufa tangu masika. Alhamisi nikatoka sokoni, nakuta baraza lina friza moja. Nikauliza nyingine iko wapi. Akasema ilikuwa inakula umeme sana, kaiuza. Friza ya miaka mitatu, haijawahi kulalamikiwa, leo inakula umeme! Nilikasirika mpaka nikaunga mkono wa gauni la mtu kinyume. Miaka ishirini tumeshirikiana hadi chumvi, leo ananijibu kama karani wa posta.

Kikao kilikuwa Jumapili alasiri, Temeke, uani kwa Mzee Polikarpo. Uani kwake kuna vumbi la mpingo kila mahali, ukikaa na nguo nyeupe umekwisha. Walikuja watu kumi na wanne, wengine wamekonda, wengine wamenenepa, wengine hawakukumbuka kama walikuwa kamati moja. Maharusi wakakaa mbali mbali. Nikafungua daftari langu la muhtasari lile lile. Ajenda moja: kuvunja kamati na hatima ya bakaa.

Fredrick akazungumza kwanza, akatumia maneno ya wakili wake, mengine akayakosea. Monica akasema yake kwa sauti ndogo. Alisema mwenziwe ana wakili na yeye hana, Ijumaa kesi inatajwa, na nyumba ya Goba ndiyo maisha yake yote. Akakaa. Watu wakaanza kubishana, kila mmoja na upande wake, mpaka Mzee Polikarpo akagonga benchi kwa kipande cha gogo.

"Nisikilizeni nyie. Mie Fredrick ni mpwa wangu, damu yangu. Lakini hela hii tuliitoa kuunganisha watu. Haiwezi kutoka hapa kwenda kuwatenganisha. Haendi nayo huyu, haendi nayo yule."

Makofi yakapigwa. Hata mie nilipiga, halafu nikakumbuka katibu hapigi makofi.

Monica akasimama. Hakulia safari hii. "Sawa, wazee wangu. Basi kesho naenda kukopa."

"Kopa, mwanangu," Mzee Polikarpo akamwambia, tena kwa huruma kabisa. "Kopa usiogope. Kama haki ni yako, huyu atakulipa gharama zote. Ndiyo sheria ilivyo."

"Ndiyo ilivyo," wakaitikia. Vichwa vikatikisika kukubali. Fredrick naye akatikisa, maana alijua ndiye atakayeshinda. Kilikuwa kikao kizima cha watu wazima, wenye watoto na wajukuu, wanampeleka msichana kwa kausha damu kwa kauli moja.

"Mhazini, lete hela tuimalize," mwenyekiti akasema.

Sesilia akafungua khanga aliyofunga kiunoni, akatoa kifurushi, akakihesabu mezani mbele ya macho yetu. Milioni moja na laki mbili, haikupungua noti. Watu wakaguna kwa heshima. Miaka mitano! Mama mmoja akasema, "Ndiyo maana tunampaga yeye." Pale pale ingekwisha, wallahi. Kamati imevunjwa, hela imetimia, watu wanaagiza nyama. Sesilia asingedaiwa neno na mtu.

Lakini hakukaa.

"Hela hii si ile," akasema.

"Si ile vipi?" mwenyekiti akauliza. "Imetimia."

"Imetimia Alhamisi. Ile mliyonipa niliitumia. Nililipia wakili."

"Wakili wa nani?" Hiyo ni sauti yangu. Katibu haruhusiwi kuuliza, lakini ilishatoka.

Akanigeukia mie, si wao. "Wangu, Salma. Romani si mume wangu. Tuliachana mahakamani, kesi ilianza mwaka ule ule wa korona."

Sesilia akaendelea kwa sauti ile ile ya kusomea taarifa ya mapato na matumizi. Alisema Romani aliitafutia mteja nyumba yao ya Tabata kwa siri, yeye akajua zimebaki siku kumi watu wakabidhiane. Biashara ilikuwa imelala, hakuna aliyenunua barafu kwa kuogopa kikohozi. Wakili akamwambia mauzo yanaweza kuzuiwa, lakini leo, si kesho. Kabatini kwake kulikuwa na hela moja tu.

"Nisingeigusa," akasema. "Lakini wakili aliandika madai, mwisho kabisa akaandika: mdaiwa alipe gharama za kesi hii. Nikaisoma mara tatu. Nikasema basi, hela ya watu itarudi. Nilijua Romani ndiye ninayemkopesha. Kumbe yale ni maombi. Kuomba kila mtu anaomba."

"Ikawaje?" Monica akauliza. Alikuwa bado amesimama.

"Kesi ilikwenda mwaka na nusu. Nikashinda. Nyumba nikabaki nayo, yeye akapewa shamba la korosho. Nikawa nasubiri lile la mwisho. Hakimu akasema, kwa kuwa shauri hili ni la ndoa, kila upande utabeba gharama zake. Nikamtazama wakili, wakili anafunga faili. Nikamwuliza, mbona tuliandika? Akaniambia mama, tukiandika tunaandika, lakini kwenye ndoa mahakimu wengi hawaitoi, wanaona mkishaachana msiendelee kudaiana hela. Nilitoka pale nimeshinda, na nimeshakuwa mwizi."

Akazisogeza zile noti mbele ya mwenyekiti. "Nimeuza vibua miaka minne kuirudisha. Ilibaki laki tatu na nusu. Alhamisi nimeuza friza. Monica, mwanangu, uliniuliza nimejulia wapi. Nimejulia hapo. Usikope kwa kutegemea mahakama itakurudishia. Hawa wote hawajui, na wanakwambia kwa mapenzi."

"Mwizi!" Fredrick akaruka. "Kumbe hela ya harusi yangu! Huyu ndiye mlikuwa mnamwamini!"

"Kaa chini wewe," mjomba wake akamwambia. Kisha mzee akashika kichwa, akafikiri, na uso wake ukabadilika taratibu. "Hebu subirini. Kwa hiyo mie nilitoa laki mbili kumwoza mpwa wangu, nikaja kumwachisha mke wa Romani?"

Mmoja akacheka puani. Mwingine akashindwa. Dakika moja uani kwa Polikarpo kulikuwa na kicheko cha watu wenye aibu, halafu kikakatika kama kilivyoanza, kwa sababu Sesilia hakucheka.

Mie sikucheka pia. Nilikuwa na hasira. Hela wala sikuijali. Miaka mitano namtumia salamu mtu asiyekuwepo!

"Sesi," nikasema, "na shati la Pasaka nililomshonea Romani, ukasema umempelekea kwa basi?"

"Lipo kabatini. Sikuwa na wa kumvalisha."

"Kwa nini hukuniambia mie?"

"Ningekwambia, Salma, ungeniuliza. Ukiuliza wewe, mtaa mzima unasikia jibu. Na kesho yake nani angenipa harusi?"

Mficha uchi hazai, wanasema, na mie ningemwambia hivyo hivyo siku zile, kisha ningekwenda kumsimulia fundi viatu. Nililia, sikujali daftari kulowa. Nililia kwa sababu alisema kweli.

Monica hakuwa anasikiliza kilio cha mtu. Alisogea mpaka mezani, akamwuliza Sesilia taratibu, kama anauliza bei.

"Mama, huyo wakili wako yupo bado?"

"Yupo. Kinondoni, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa."

"Anataka zote siku ya kwanza?"

"Anachukua kidogo kidogo, kwa miezi. Mie sikuuliza, nilimwagia zote kwa woga. Wewe uulize kabla hujakaa."

"Basi sikopi," Monica akasema. Akasema tena kwa kikao kizima, "Sikopi."

Mwenyekiti akanitazama. "Katibu, andika. Kamati imevunjwa."

"Na habari ya mhazini niandikeje, mzee?"

Akaipangusa meza vumbi kwa kiganja, muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. "Andika hela imetimia."

Nikaandika hivyo. Fredrick akatoka bila kuaga, lakini Jumapili iliyofuata, nyama zilipochomwa kwa ile bakaa, alikuja akala. Monica naye alikuja, wakakaa benchi mbili tofauti. Ijumaa ile ya kesi Monica alisimama na wakili ubavuni. Mwezi wa tatu mwaka huu hukumu ikatoka: nyumba ya Goba ni yao nusu kwa nusu, na Fredrick akitaka kuibakisha amlipe Monica thamani ya nusu yake. Lile la gharama, hakimu alisema maneno yale yale, kila upande ubebe zake. Monica aliniambia wakili wa Fredrick alishangaa kumwona mwanamke anatabasamu kwa kunyimwa.

Sesilia alikuwa ameshaahidiwa harusi mbili za Desemba. Zote zikaondoka. Hawakumtukana, walimtuma kijana mmoja mpole aseme mama apumzike kidogo, umri nao. Tangu hapo hakuna kamati iliyomwita. Jumuiya nao walimvua kapu la sadaka alilokuwa akilishika. Aliniambia linamuuma kuliko talaka yenyewe, na mie nikamshonea gauni.

Lakini watu wanakuja barazani kwake. Wanakuja mchana, saa za jua kali, mtaa umetulia. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mkubwa sana wa jumuiya, mke wa mtu anayejulikana, yeye ndiye aliyesema Sesilia avuliwe kapu. Alinunua kibua kimoja. Akalipa, akapewa chenji, akabaki amesimama na kibua chake kinayeyuka, anaangalia barabarani.

Sesilia akamvutia kiti.

"Kaa, dada," akamwambia. "Kwanza ujue, gharama ni zako mwenyewe. Sasa niambie, nyumba imeandikwa jina la nani?"